Na Mwanga, Umebaki Vilevile?

Jumatatu, 13 Machi

Penseli tena! Kurasa ishirini na sita za hesabu, miezi minne ya macho yangu, na Profesa Raghunandan amenirudishia na alama moja tu. Ukurasa wa kumi na moja, pembeni, kwa mwandiko wake ule wa karani wa posta: "Na mwanga? Umebaki vilevile?"

Basi. Hakuna "vizuri". Hakuna "vibaya". Kana kwamba mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na siyo Daktari Nagaveni mwenye miaka kumi na moja katika taasisi hii, mitatu kati yake nikiwa kwenye chumba kisicho na dirisha.

Nimechukua kalamu nyekundu nikaandika chini yake: NDIYO. KWA NINI USIBAKI? Nikamrudishia kabla ya chai ya saa nne.

Ngoja niandike hapa kwa utaratibu, maana nikikasirika nasahau hata ninachokijua. Nyota za kwanza zinawaka. Kabla yake ulimwengu wote ni gesi ya haidrojeni, gizani, baridi ya kutisha — digrii saba tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Mwanga wa nyota unaigonga chembe ya gesi, unaisukuma kidogo, unaruka, unaenda kuigonga nyingine. Msukumo mmoja si kitu. Lakini mwanga unagonga mara milioni! Zidisha, jumlisha: gesi inapanda digrii sabini. Sabini. Nimerudia mara tano.

Na wanachonunia wote ni ziwa. Mhandisi wetu Basavaraj ana chelezo chake, jukwaa la mbao linaloelea, katikati ya maji, antena imesimama juu yake, imewekwa majini kwa sababu nchi kavu ina mawe na mizizi inayoichanganya. Misimu sita anasikiliza mawimbi ya redio ya zamani hizo. Kama gesi ilikuwa baridi, ilimeza sehemu ya mawimbi, na kwenye mchoro panatakiwa pawe na bonde. Bonde hakuna. Sasa: kama gesi ilikuwa baridi kweli na bonde hakuna, hiyo ni habari ya kutikisa dunia, nusu ya nadharia zinazikwa. Lakini kama mwanga uliipasha gesi, bonde halikuwa la kutarajiwa toka mwanzo, na Basava amekaa majini misimu sita akisikiliza kimya cha bure.

Jumatatu ijayo kamati inakaa kuamua kama ziwa linaendelea au linafungwa. Namba yangu ndiyo itakayoamua.

Kwa hiyo wote wanataka namba ndogo. Na mimi ninayo kubwa. Sikuitengeneza! Niliikuta!


Jumanne, 14 Machi

Basava amekuja mjini. Nimemkuta kantini, mweusi kwa jua, kofia yake ya kitambaa mezani, mbele yake sahani ya idli sita, vile vitumbua vya mvuke. Ameniita kwa sauti hadi wapishi wakageuka.

"Dada Veni! Huo mwanga wako, eti unapasha kila kitu. Hebu uelekeze hapa, supu yangu imepoa."

Watu wakacheka. Nikakaa.

Akasema chelezo kinamsumbua goti, mbu wanamjua kwa jina, mke wake anamwita mgeni. Nikamwambia pole. Akainama karibu, bado anatabasamu. "Ipunguze kidogo, dada. Sabini ya nini? Kumi inatosha. Hata ishirini. Mimi sina choyo."

"Siyo bei ya nyanya, Basava."

"Kila kitu kina bei ya mwisho, dada yangu!"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Watu wanadhani ukiwa mwanamke na una namba, basi inasubiri kujadiliwa.

Akaongeza, safari hii bila mzaha, kwamba wanahitaji wiki moja tu ya mwisho kukipima chelezo chenyewe pale pale kilipo, kujua sauti ipi ni ya anga na ipi ni ya chelezo. Bila wiki hiyo, kasema, data ya misimu sita ni maneno ya mlevi, hakuna atakayeiamini. Nikamjibu hilo awaambie kamati. Akamalizia idli yake.


Alhamisi, 16 Machi

Nimeitwa kwa Profesa. Feni inazunguka, madirisha wazi, koti lake kwenye kiti kama mtu wa pili. Ameiweka makala yangu mezani, wino wangu mwekundu unaonekana toka mlangoni.

Kaniambia kwa ile sauti yake ya pole, sauti ya daktari anayekuandalia sindano: "Sisemi umekosea, Veni. Nauliza tu."

Nikamwambia kama anajua kosa alitaje.

"Nauliza tu."

"Profesa, unauliza mara ya tatu swali lilelile."

"Basi labda ni swali."

Nilitaka kuitupa ile makala kwenye feni. Mwaka ujao anastaafu. Ziwa ni mtoto wake, Basava ni kijana wake, na angependa sana kuondoka na tarumbeta. Hawezi kuniamuru nibadilishe namba, maana hiyo ni aibu, basi ananichokonoa. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na penseli yake ya sentimita nne.

Nimetoka bila kuaga. Sijawahi kufanya hivyo. 

Naiandikia kamati. Leo leo.


Ijumaa, 17 Machi

Barua imeenda.

Nimesema hesabu isikilizwe jinsi ilivyo. Nimesema nimeshinikizwa. Nimetaja: Mhandisi Basavaraj aliniomba waziwazi, mbele ya watu, nipunguze namba, Profesa anarudisha makala mara tatu bila kutaja kosa. Nimesema kama namba itaguswa, jina langu litolewe.

Mama kaniona nikiiandika, akauliza naandika nini kwa uso huo. Nikamwambia ukweli. Akasema ukweli mwingine huwa unapigwa pasi kwanza. Mama na maneno yake! Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini, anadhani kila mtu ni darasa la tatu B.


Jumatatu, 20 Machi

Nimeshinda.

Niandike yote. Mwenyekiti wa kamati akaifungua barua yangu akaisoma kwa sauti. Sikutegemea! Nilidhani barua husomwa kimya, zikipitishwa mkono kwa mkono. Kila neno, pamoja na "waziwazi, mbele ya watu". Basava alikuwa amekaa mwisho wa meza, kofia juu ya goti. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli.

"Nilisema," akajibu. "Nilikuwa natania. Lakini nilisema."

Hakuniangalia. Nilikuwa nimejiandaa abishe, nilikuwa na majibu manne kichwani.

Wakamgeukia Profesa. Ana la kusema kuhusu hesabu ya Daktari Nagaveni? Akavua miwani. "Sina. Mimi nina maslahi katika jambo hili." Akavaa miwani. Unafiki mtupu! Wiki nzima ya penseli, halafu mbele ya watu anajifanya mtawa.

Kura tano kwa moja. Gesi ilipashwa na mwanga, bonde halikutarajiwa, chelezo hakituambii chochote kipya. Ziwa linafungwa. Kibali cha idara ya umwagiliaji kinaisha tarehe 31, kwa hiyo vyombo vyote vitolewe majini wiki hii hii, kazi ianze Jumamosi. Hata sijui ile kura moja ya kupinga ilitoka kwa nani.

Basava akabeba kopo lake la chakula, akaondoka na basi la saa nane. Hakuna aliyenipa mkono. Hata mmoja! Mtu akisema kweli katika jengo lile anaonekana kama amekanyaga mkia wa paka.

Nimenunua dosa, zile chapati nyembamba za kukaangwa kwa samli, nikala mbili peke yangu. Sawa. Nimeshinda. Nalala.


Jumatano, 22 Machi

Ugadi. Mwaka mpya. Mwaka mpya!

Asubuhi ilianza vizuri. Majani ya mwembe mlangoni, Mama kapika holige, chapati tamu za dengu, nyumba inanukia dengu na sukari. Akaniletea kisahani cha mwarobaini na sukari guru, nikachota sukari kwanza. Akanipiga mkono kwa kijiko. Vinaliwa pamoja, kasema, ukichagua umekula pipi tu. Nikala pamoja. Uchungu wake mpaka masikioni.

Baada ya chakula nikasema nichore mchoro mzuri wa makala, nyumba ilikuwa kimya na wageni walikuwa wa jioni. Nikafungua programu yangu. Nilitaka kubadilisha rangi tu. Rangi!

Mstari wa 412.

Naunakili hapa ili nisije nikajidanganya kesho. Unasema mwanga ubaki sawa, usibadilike, hata baada ya kugonga. Na mbele yake maelezo, kwa maneno yangu mwenyewe: "kwa muda tu, kuharakisha majaribio — RUDISHA." Tarehe 9 Novemba.

Sikurudisha.

Nilikaa. Mama aliita chai mara mbili.

Mwanga haubaki vilevile! Mtoto yeyote wa kazi hii anajua! Mwanga ukiigonga gesi, na gesi inaugonga mwanga. Ni kama foleni ya duka la mgao: wa kwanza akikusukuma unayumba, lakini mkishabanana, kila anayesukuma anasukumwa, na mwishoni hakuna anayekwenda popote. Mwanga unagonga mara milioni, ndiyo. Lakini baada ya mara za mwanzo umeshachukua tabia ya gesi, unatoa na kupokea karibu sawasawa. Mimi nimehesabu kila msukumo kama wa kwanza. Mara milioni, wa kwanza! Nimeipasha gesi yote ya ulimwengu kwa mwanga usiochoka, mwanga ambao haupo, mwanga niliouandika mimi kwa haraka ili niwahi kwenda nyumbani.

"Na mwanga? Umebaki vilevile?"

NDIYO, nikaandika. Kwa wino mwekundu. Kwa herufi kubwa. Mjinga wewe, Nagaveni! Mjinga mwenye digrii tatu!

Wageni walikuja. Nimegawa holige. Shangazi kaniuliza kama ninaumwa nikamwambia mwarobaini.


Alhamisi, 23 Machi

Nimerudisha ule mstari. Programu imefanya kazi usiku kucha, kwa saa sita na dakika kumi. Namba mpya: sifuri nukta nane.

Hata digrii moja haifiki.

Gesi ilikuwa baridi. Mwanga wa nyota za kwanza uliigusa tu kama mtu anayepapasa ng'ombe. Bonde lilitakiwa liwepo na halipo, na aliyegundua halipo ni Basava na goti lake bovu. Kitu kingine kabisa kilitokea huko zamani, hakuna anayejua ni nini, na chombo pekee kilichosikia ni kile tunachokwenda kukivunja Jumamosi. Kwa sababu yangu.

Saa tano asubuhi nimempigia mwenyekiti. Nimemwambia yote, mstari, tarehe, namba. Akajibu:

"Daktari, Jumatatu ulisema sabini. Leo Alhamisi unasema sifuri. Jumatatu ijayo utasema ngapi?"

Nikasema sifuri nukta nane, siyo sifuri. Yaani hilo ndilo jibu nililompa! Akacheka puani. Muhtasari umeshatiwa saini, kasema. Kikao kijacho ni Septemba. Nimwandikie. Ninapenda kuandika barua, kasema.

Septemba! Septemba chelezo kitakuwa mbao za kuanikia pilipili.

Nikampigia Basava. Inaita, inaita. Bila shaka! Ziwani simu ni mwiko. Simu moja ikiwashwa karibu na maji, antena inaisikia kuliko nyota zote. Ndiyo maana kila mtu anaacha simu yake kwa Gowramma muuza chai, kilomita mbili kabla ya maji, kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana. Sheria nimeitunga mimi. Sahihi yangu iko ukutani kwake.

Nikampigia Gowramma kwa simu ya duka.

"Ya Basava? Ipo humu koponi, inatetemeka kama kuku anataka kutaga. Ni wewe unayeipiga? Acha, utaimaliza chaji."

Nikamwomba atume mtu amwambie Daktari Veni anamtafuta, jambo kubwa.

Nikasikia anamimina chai.

"Binti, alisema akitafutwa na watu wa mjini niseme yuko majini."

"Kweli yuko majini?"

"Sasa ndiyo nakwambia! Yuko majini. Na hata angekuwa hapa benchini ningesema yuko majini."

Nikamwuliza kama alitaja jina langu. Akasema hakutaja jina. Alitaja kitu kingine, kasema, lakini yeye ni mama wa watu na yupo mbele ya wateja.


Ijumaa, 24 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Profesa. Sijawahi kufika bila kualikwa. Alikuwa barazani anamenya vitunguu, kaptura, magoti kama ya korongo. Mke wake akaleta kahawa akaingia ndani, nadhani alikiona uso wangu.

Nikamwekea karatasi mbele ya vitunguu. Mstari wa 412 nimeuzungushia duara. Akasoma. Akasoma tena. Akafuta macho, nadhani ni vitunguu.

"Novemba," akasema.

"Ulijua."

"Nilihisi. Sabini ni namba ya mtu aliyeusahau mwanga. Mimi mwenyewe niliusahau nikiwa na miaka thelathini."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisema kwa sauti, jirani alifungua dirisha. Kwa nini hukuniambia? Neno moja! "Veni, mwanga unabadilika, angalia programu yako." Neno moja na chelezo kingebaki! Ulikaa kwenye kamati ukavua miwani, ukavaa miwani, ukaacha wapige kura juu ya upuuzi!

Aliniacha nimalize. Akaendelea kumenya.

"Nilitaka namba ndogo, Veni. Niliitaka sana. Naiota. Mtu anayeitaka namba namna hiyo hana ruhusa ya kuigusa. Anaruhusiwa kuuliza tu. Ndivyo tulivyokubaliana, wote, wewe ndiye uliyeandika kanuni."

Kweli niliandika. Kifungu cha pili: mwenye maslahi na matokeo haingilii hesabu. Nilijivunia kifungu kile.

"Hata kama hesabu ni mbovu?"

"Ningekwambia ni mbovu ungesemaje?"

Ningesema anapindisha matokeo. Nilishasema, kwa maandishi, nakala tatu.

Nikamwuliza basi ile kura moja. Akasema siyo yake, yeye hana kura. Ilikuwa ya yule mama wa hesabu za takwimu ambaye huwa anasinzia.

Nina hasira naye bado! Naandika na bado ninayo. Uadilifu gani huu unaokaa na kisu chake cha vitunguu wakati nyumba inaungua? Lakini kila nikiifuata hasira hii mpaka mwisho wake, namkuta mtu mmoja amekaa pale na kalamu nyekundu.

Akaingia ndani akarudi na karatasi. Kaandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, siyo penseli: yeye kama mkuu wa mradi anasimamisha kazi ya kuvunja kwa siku saba, kwa jukumu lake mwenyewe, kamati imlaumu yeye. Kibali cha maji kipo mpaka tarehe 31, kwa hiyo siku saba ndiyo ile wiki ya Basava. Kwa hesabu hiyo wiki ipo, kama hakuna kitakachoguswa.

"Boliti moja ikishafunguliwa," kasema, "siyo chelezo kilekile tena. Atakuwa anapima kitu kingine."

Jumamosi kazi inaanza saa nne. Basi la kwanza ni saa kumi na moja alfajiri, linafika saa tano kama hakuna ng'ombe barabarani. Teksi nimeuliza tatu. Wiki ya sikukuu, madereva wote wako kwao. Wa nne kakubali kunifikisha nusu ya njia, mbele ataniunganisha na shemeji yake.

Nimempigia Gowramma tena. Labda kafunga duka, naye ana wiki ya sikukuu. Inaita tu.


Jumamosi, 25 Machi

Ufukweni. Saa nne na dakika arobaini. Naandika kwa sababu hakuna kingine mikono inachoweza kufanya.

Shemeji alikuwepo, gari lake halikuwa na breki za kuaminika, tumefika. Gowramma alikuwa anafungua duka. Hakunisalimia. Akanyoosha kopo, nikatia simu, akabana kifuniko. Hizo kilomita mbili nimezikimbia na sari, kandambili moja iko mahali fulani kwenye shamba la miwa.

Antena bado imesimama! Niliiona toka kwenye tuta nikapiga kelele peke yangu. Chelezo kipo katikati, watu watatu juu yake, na kikapu cha kuvukia, kile kimtumbwi cha duara, kimefungwa ubavuni. Kikapu ni hicho kimoja tu. Huku ufukweni hakuna kingine, na mimi siwezi kuogelea.

Nikaita. Maji yanabeba sauti, lakini upepo unaipeleka pembeni. Nikaita tena. Wanawake sita wanafua kwenye ngazi za mawe, wameacha kupiga nguo wananiangalia.

Basava akasimama. Alinijua, najua alinijua, alivua kofia akaivaa tena. Akashuka kwenye kikapu akaanza kupiga kasia kuja. Nikasema asante, sijui kwa nani.

Katikati ya njia akaacha kupiga kasia. Akaita:

"Umekuja kuhakikisha?"

"Nimekosea!"

Akaweka mkono sikioni.

"NIMEKOSEA, BASAVA! Hesabu! Ni yangu, nimekosea!"

Mmoja wa wale wafuaji, mama mnene mwenye bangili za kijani, akasimama kwenye jiwe la mwisho akaipokea kwa sauti kama honi ya treni: "ANASEMA AMEKOSEA!" Wenzake wakaangua kicheko. Akanigeukia: "Amekosea nini, niseme?"

Sasa unaeleza vipi? Juu ya maji, kwa mama wa bangili? Nikamwambia: mwanga haukuipasha gesi. Gesi ilikuwa baridi. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa jua. Lakini akaita, neno kwa neno, Mungu ambariki: "MWANGA HAUKUIPASHA GESI! ILIKUWA BARIDI!"

Basava alisikia. Nililiona hilo mabegani mwake. Mtu aliyekaa misimu sita juu ya maji haya hahitaji kuelezwa maana yake.

Nikanyanyua karatasi ya Profesa juu ya kichwa. Nikaita asimamishe, wasiguse boliti, siku saba, kwa jukumu la Profesa. Mama akapokea. Kisha nikaita mwenyewe, bila mama, nisamehe kwa ile barua. Mama akaniuliza hiyo nayo aiseme. Nikasema ndiyo. Akaisema polepole zaidi, na wenzake hawakucheka.

Hilo lilikuwa robo saa iliyopita.

Hajajibu. Hajaja, hajarudi. Amekaa na kasia juu ya magoti. Vikapu hivi usipopiga kasia vinazunguka vyenyewe, na chake kinazunguka taratibu: naona uso wake, naona bega, naona mgongo. Mama wa bangili anasema huyo ana hasira, mwache, hasira ya mwanaume majini haina pa kwenda. Nikamwambia mimi ya kwangu ilipata pa kwenda, na tazama.

Nyuma yake, kule kwenye chelezo, wale wawili, wanaomtii yeye tu, wamechoka kungoja. Mmoja amepiga magoti chini ya antena. Kuna kitu kinametameta mkononi mwake, na hapa nasikia, kidogo sana, chuma juu ya chuma. Basava anasikia vizuri kuliko mimi. Akigeuza kichwa tu, neno moja, wataacha.

Sasa namwona uso. Ananiangalia mimi.